Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Mgawanyo wa Manufaa ya Maliasili katika Delta ya Rufiji

Utangulizi

Miongoni mwa methali zinazoeleza uhusiano wa watu wa pwani na wale wanaowajia kutoka mbali, iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa ni wito wa ukarimu. Hata hivyo, ukiizingatia vema utaona kwamba haimpi mwenyeji wajibu peke yake. Inamwekea mgeni sharti pia. Ujio wake unapaswa kumletea mwenyeji nafuu. Akija mgeni, akachuma, akaondoka, na mwenyeji akabaki na dhiki yake ile ile, basi ujio huo haukutimiza maana yake.

Mhadhara huu unaitumia methali hiyo kama kipimo cha historia ya mahali pamoja, yaani delta ya Mto Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Delta hii ina mikoko inayokadiriwa kufikia hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Ndani yake na kandokando yake wanaishi Warufiji, ambao wengi wao ni Wandengereko, pamoja na Wanyagatwa, Wamatumbi na wengineo. Wanaishi kwa mpunga, uvuvi, minazi na ukataji wa miti. Kwa zaidi ya karne moja wamepokea wageni wa kila namna: wenye majahazi, maofisa wa misitu, wasimamizi wa pamba, wawekezaji wa kamba, wafanyabiashara wa magogo, wajenzi wa mabomba na mabwawa, na hatimaye wataalamu wa kaboni.

Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba kila mamlaka iliyotawala delta iliwapa wenyeji kitu fulani. Iliwapa ujira, fidia, msaada au ahadi ya ajira. Lakini ni nadra mno kukuta mamlaka iliyowapa fungu kwa sababu tu walikuwa wenyeji. Walilipwa kama vibarua, wakafidiwa kama waathirika, wakasaidiwa kama maskini. Hawakugawiwa kama wenye mali. Tofauti hii inaweza kuonekana ndogo katika vitabu vya hesabu, lakini ndiyo chanzo cha migogoro mingi ya delta, na dalili zake zimo katika msamiati wenyewe wa Kiswahili uliotumika kuwataja watu hao.

Boriti na majahazi

Mlango wa kwanza wa biashara ya Rufiji na ulimwengu ulikuwa boriti. Nchi za Ghuba ya Uajemi na kusini mwa Arabuni hazikuwa na miti ya kujengea ya kutosha. Majahazi kutoka Kuwait, Oman, Uajemi na kwingineko yaliteremka na upepo wa kaskazi, yakaingia katika milango ya delta kama Simba Uranga na Msala, yakajaza shehena, kisha yakarejea kwa upepo wa kusi. Miti ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kutengwa kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Katika miji ya Ghuba upana wa vyumba vya nyumba za zamani ulifuata urefu wa boriti za Afrika Mashariki. Kwa hiyo matope ya Rufiji yamo, kwa namna fulani, katika usanifu wa majengo ya watu ambao hawakuwahi kuiona delta.

Haifai kuipamba enzi hiyo. Ilikuwa enzi ya utumwa, na jasho la mtumwa lilikuwa sehemu ya bei ya bidhaa nyingi za pwani. Hata hivyo kuna jambo moja la kuzingatia. Kwa jumla, mamlaka ya Sultani wa Zanzibar yalijikita katika forodha. Kilichotozwa ushuru ni bidhaa inayopita, si msitu unaoota. Nahodha aliyetaka miti alilazimika kupatana na watu waliojua vijito, maji kujaa na maji kupwa, na mahali penye mkoko, mkandaa au msinzi ulionyooka. Mapatano hayo hayakuwa ya haki siku zote, lakini yalimkubali mtu wa delta kuwa ndiye wa kupatana naye.

Ardhi isiyo na mwenyewe

Hali ilibadilika baada ya Wajerumani kuutwaa ukanda wa pwani. Mnamo Novemba 1895 serikali ya koloni ilitoa amri ya ardhi iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Maneno hayo ndiyo msingi wa mambo mengi yaliyofuata. Mkulima aliyeonyesha shamba lake lililolimwa aliweza kudai kitu. Lakini msitu, kijito, kinamasi na mahali pa kuvulia havikuwa na jembe lililosimama ndani yake, kwa hiyo vilihesabiwa kuwa havina mwenyewe.

Mwaka 1898 mikoko ya delta iliwekwa chini ya hifadhi ya serikali, ikawa miongoni mwa misitu ya kwanza kabisa kuhifadhiwa kisheria katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kituo cha msitu kiliwekwa Salale. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyeichunguza historia ya misitu ya Tanzania kwa kina, ameonyesha kwamba Rufiji ilikuwa mahali pa majaribio ya usimamizi wa misitu wa kikoloni. Serikali ilitaka mapato ya boriti na ya magome, ambayo yalitafutwa kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Tangu hapo mtu aliyekata mti ambao babu yake aliukata bila kumwomba mtu alihitaji kibali.

Neno kibali lina asili ya kukubaliwa. Katika delta lilikuja kumaanisha kwamba mwenyeji anakubaliwa na mgeni. Nafasi zilibadilishana. Aliyekuwa akipokea ndiye aliyeanza kuomba, na aliyekuja kutoka mbali ndiye aliyekaa mlangoni.

Theluthi ya pamba

Yapo mambo mengi yaliyoandikwa kuhusu Vita vya Maji Maji. Kwa mintarafu ya mada hii, linalostahili kukumbukwa ni kwamba kabla ya vita hivyo palikuwapo mpango wa kugawana mapato, tena wenye hesabu iliyo wazi.

Mwaka 1902, chini ya Gavana Adolf von Götzen, kilimo cha pamba cha pamoja kilianzishwa katika wilaya ya Dar es Salaam na kuenezwa kusini. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walitakiwa kulilima kwa siku kadhaa za mwaka. Kwa mujibu wa utafiti wa John Iliffe, mapato yalikusudiwa kugawanywa mafungu matatu: fungu la watendakazi, fungu la jumbe, na fungu la chombo cha utawala wa wilaya kilichosimamia mauzo. Katika karatasi mpango huo ulionekana wa haki. Katika mwaka wa kwanza malipo ya mtendakazi yalikuwa kama senti 35, na wako waliokataa kuzipokea.

Kukataa huko kunaeleza mengi. Mtu maskini hakatai fedha kwa sababu ni kidogo tu. Aliyezikataa alikuwa akikataa kuithibitisha hesabu. Kuzipokea kungekuwa kukiri kwamba kazi ya mwaka, iliyofanywa kwa viboko wakati shamba lake la mpunga likiliwa na nguruwe, imelipwa ikaisha. Theluthi iliyoamuliwa na mmoja, ikahesabiwa na huyo huyo, na kutolewa baada ya yeye kuondoa gharama zake, si mgao.

Vita vilipozuka Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, maji yalikuwa yamekwisha kusambazwa kutoka bonde la Rufiji. Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, na watu walimwendea kwa wingi. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, pale pale palipokuwa na ofisi ya utawala wa bonde. Vita vilikuwa na sababu nyingi, za kodi, za dini na za utawala wa maakida. Lakini haiwezekani kuvisimulia bila pamba, na haiwezekani kuisimulia pamba bila zile senti 35.

Waingereza na korija ya mwisho

Utawala wa Uingereza uliurithi msitu pamoja na fikra yake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mikoko iliendelea kuwa hifadhi, na miti iliendelea kuuzwa kwa vibali.

Picha ya biashara hiyo imehifadhiwa na baharia na mwandishi Alan Villiers, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Jahazi lilikaa Rufiji kwa wiki kadhaa likipakia boriti. Villiers aliielezea delta kama mahali pa joto, mbu na matope, na kazi ya huko kama mateso kwa mabaharia. Maelezo yake ni ya thamani, lakini yanaona kwa jicho la jahazi. Katika simulizi hilo delta ni mahali pa kupakia shehena. Watu wake wanapita pembeni, wakikata na kubeba.

Katika miongo iliyofuata biashara hiyo ilififia. Saruji na vyuma vilichukua nafasi ya boriti katika miji ya Ghuba iliyokuwa ikitajirika kwa mafuta. Hapa pana jambo linalostahili kufikiriwa. Kuwait ilipopata mafuta ilianzisha mwaka 1976 mfuko wa kuweka akiba kwa ajili ya vizazi vyake vijavyo. Delta iliyowauzia paa za nyumba zao kwa vizazi haikubakiwa na mfuko wowote, wala gati, wala barabara iliyojengwa kwa fedha za boriti.

Uhuru, kuhamishwa na hifadhi

Uhuru ulipokuja, matumaini yalikuwa kwamba swali la mwenyewe limejibiwa: mali ni ya taifa, na taifa ni wananchi. Jibu hilo lilikuwa na nguvu ya kimaadili. Lilizuia utajiri wa nchi kugawanywa kwa makabila, na haifai kulidharau. Hata hivyo katika delta lilizaa tatizo jipya. Mwananchi wa Rufiji alimiliki kila kitu pamoja na wananchi wengine wote, ila hakuwa na neno mahususi juu ya kijito kilicho mbele ya nyumba yake.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuhamishia watu vijijini. Maelfu ya watu waliokaa bondeni walipelekwa katika miinuko ya pembezoni ili wapate shule, zahanati na maji, na ili waepushwe na mafuriko. Huduma zilikuja kwa kiasi. Lakini mafuriko ambayo serikali iliyaona kuwa janga, mkulima aliyaona pia kuwa mbolea. Baada ya maji kupungua ndipo ulipokuja msimu wa mlau, kilimo cha mahindi, kunde na mboga katika udongo uliobaki na unyevu. Aliyehamishwa alilazimika kutembea mwendo mrefu kurudi shambani, au kuliacha.

Katika delta yenyewe palitokea utata mwingine. Vijiji vilisajiliwa kisheria ndani ya eneo ambalo tangu 1898 lilihesabiwa kuwa msitu wa hifadhi. Serikali moja iliwatambua watu hao kama kijiji chenye mwenyekiti na halmashauri. Idara nyingine ya serikali hiyo hiyo iliwatambua kama watu walio ndani ya msitu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkuu wa mto ulielekea zaidi upande wa kaskazini wa delta, maji baridi yakaongezeka huko, na watu wakafyeka mikoko ili kulima mpunga. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko nchini kote. Mwaka 1991 ukatolewa mpango wa usimamizi ulioandaliwa na mwanasayansi Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyesisitiza kwamba mikoko haiwezi kulindwa bila ya watu wanaoishi nayo.

Wasiwasi wa wataalamu haukuwa wa bure. Mikoko ni kitalu cha samaki na kamba, na ni ukuta dhidi ya bahari. Ila msamiati wa nyaraka ulikuwa umesogea hatua nyingine. Mtu ambaye methali ilimwita mwenyeji, na sajili ya kijiji ikamwita mkazi, sasa katika taarifa za misitu aliitwa mvamizi. Neno mwenyeji limejengwa juu ya mzizi -enye, wenye maana ya kuwa na kitu. Mkazi ni mtu akaaye tu. Mvamizi hana hata haki ya kukaa. Katika maneno hayo matatu imo historia ya delta kwa muhtasari.

Shauri la kamba

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company ilipendekeza kuanzisha ufugaji mkubwa wa kamba katika delta, katika eneo la kama hekta 10,000, kwa uwekezaji uliotajwa kufikia dola za Marekani milioni 192. Haukuwa mpango mdogo. Ungekuwa miongoni mwa miradi mikubwa kabisa ya aina hiyo duniani, nao uliahidi ajira na fedha za kigeni katika nchi iliyokuwa ikitoka katika miaka ya ukata.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri dhidi ya mradi. Hata hivyo mwaka 1997 serikali iliuidhinisha kwa masharti. Wanavijiji wa delta, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT na kuungwa mkono na waandishi wa habari za mazingira, walikwenda Mahakama Kuu. Hawakuwa na sauti moja. Wako waliotumaini kupata kazi, na mgawanyiko huo ulipita ndani ya vijiji. Mwishowe mradi haukutekelezwa.

Umuhimu wa shauri hilo hauko katika kuanguka kwa mradi peke yake. Uko katika swali lililoulizwa na watu wa delta kwa mara ya kwanza katika lugha ya sheria. Kadirio lililotajwa mara kwa mara ni kwamba asilimia 80 hivi ya kamba waliovuliwa Tanzania walitegemea delta hiyo. Meli za kukokota nyavu zilikuwa zikiwavua karibu na milango ya mto kwa leseni zilizotolewa Dar es Salaam. Mvuvi mwenye mtumbwi alishindana nazo, akikuta nyavu zake zimekatwa. Ilipopendekezwa kwamba delta yenyewe igeuzwe mabwawa, alichoahidiwa ni kuajiriwa. Yaani aliyekuwa mvuvi huru angekuwa kibarua kwa kamba wale wale. Waliokwenda mahakamani walikataa mabadilishano hayo, kama vile babu zao walivyozikataa senti 35.

Daraja na magogo

Mwaka 2003 daraja lenye urefu wa karibu mita 970 lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa. Kwa watu wa kusini lilikuwa baraka isiyo na shaka. Safari iliyochukua siku za kungoja pantoni, na majuma wakati wa masika, ikawa ya saa chache. Lakini barabara ni ya wote. Lori lililopeleka mgonjwa hospitali lilipita njia moja na lori lililobeba mninga, mkongo na mpingo.

Taarifa ya shirika la TRAFFIC iliyotolewa mwaka 2007 kuhusu biashara ya magogo kusini mwa Tanzania ilieleza kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa yalipotea. Jambo hilo linaonyesha kwamba suala la mgao haliwezi kutenganishwa na suala la uadilifu. Pale ambapo hata hazina ya taifa haikupata fungu lake, kijiji kilicho mbali na barabara kingepata nini? Mkata magogo wa kijijini alilipwa malipo madogo kwa gogo moja, na mlolongo mrefu wa watu ukachukua yaliyosalia.

Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na mwanga. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu yao vyenyewe katika ardhi ya kijiji na kubaki na mapato yake. Huko Rufiji watu wa Mtanza-Msona walitenga msitu wao. Kilwa, kijiji cha Kikole kiliuza mpingo mwaka 2009 kutoka msitu uliothibitishwa kimataifa kuwa unavunwa kwa utaratibu. Nao Ngarambe, kijiji alikoishi Kinjikitile, kiliungana na Tapika kuunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, ambayo kanuni zake zinataja fungu la vijiji katika mapato ya uwindaji na utalii. Mifano hii ina kasoro zake, na malipo mara nyingi yamechelewa. Ila ina jambo moja linalofanana: mgao unaanza na kutambuliwa kwa mwenye mali. Kijiji kinauza kwa sababu msitu ni wake.

Mikoko haikufikiwa na mwanga huo. Kwa kuwa ni hifadhi ya serikali kuu, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, sheria iliruhusu usimamizi wa pamoja lakini haikutaja kiwango cha mgao. Kijiji kiliweza kuombwa kulinda, kupanda miche na kukamata wahalifu, pasipo kuambiwa kitapata sehemu gani ya mapato.

Bomba, bwawa na kaboni

Gesi ya Songosongo, huko Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Bomba lake linatoka Somanga na kukata nchi ya Rufiji na Kibiti kuelekea kaskazini. Bomba jingine kutoka Mtwara lilijengwa katika miaka ya 2010, miaka iliyoshuhudia pia ghasia za Mtwara za mwaka 2013 ambapo swali la nani anufaike na gesi liliulizwa mitaani kwa gharama ya maisha ya watu. Waliopitiwa na mkuza wa bomba walilipwa fidia ya ardhi na mazao. Hapa yafaa kutofautisha maneno mawili yanayochanganywa sana. Fidia hulipa kilichopotea. Mgao hulipa kutokana na kilichopatikana. Mnazi uliokatwa hufidiwa mara moja. Gesi hupita kila siku.

Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika korongo la Stiegler kwa mkataba wa Desemba 2018, lilianza kujazwa maji Desemba 2022 na kutoa umeme Februari 2024. Uwezo wake ni megawati 2,115. Hakuna awezaye kudai kwamba taifa halikuuhitaji umeme huo. Lakini nguvu inayozungusha mitambo ni maji yale yale yaliyoleta tope la mlau na kusukuma chumvi ya bahari nje ya mashamba ya mpunga. Mwezi Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliharibu mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na pakazuka mjadala mkali iwapo bwawa liliyapunguza au liliyaongeza. Mjadala huo wenyewe ni ushahidi kwamba watu wa bonde walikuwa hawajapewa nafasi ya kutosha katika kuamua na kujua ni lini maji yaachiliwe na kwa kiasi gani. Mgao si wa fedha peke yake. Kwa mkulima wa bondeni, mgao wa kwanza ni wa maji na wa taarifa.

Hatimaye kuna kaboni. Mikoko huhifadhi hewa ukaa kwa wingi, na hewa hiyo imekuwa bidhaa. Mwaka 2012 watafiti Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett waliandika kwamba miradi ya aina hiyo inatishia kuwaondoa Warufiji katika delta. Wataalamu wengine, miongoni mwao Neil Burgess, waliwajibu kwamba miradi iliyokuwapo haikuwa ya kaboni na kwamba hadhi ya hifadhi ni ya tangu zamani. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini jibu la pili linaturudisha kwenye amri za 1895 na 1898. Mwaka 2022 Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni. Kanuni za namna hiyo hugawa mapato kwa kuuliza kwanza nani anayesimamia eneo. Katika delta jibu liliandikwa na Wajerumani.

Hitimisho

Imeelezwa katika mhadhara huu kwamba historia ya delta ya Rufiji si historia ya watu waliosahauliwa. Delta haikusahauliwa hata kidogo. Ilitembelewa, ikapimwa, ikahesabiwa korija kwa korija na hekta kwa hekta. Kilichokosekana ni kumtambua mtu wake kuwa miongoni mwa wenye mali, kabla ya kuamua apewe nini.

Mambo matatu yanatokana na historia hiyo. La kwanza, hadhi ya vijiji vilivyosajiliwa ndani ya hifadhi ya mikoko ni suala la kwanza la mgao, si suala la mipaka tu. Kijiji kisicho na haki juu ya ardhi yake hakiwezi kudai fungu katika kitokacho juu ya ardhi hiyo. La pili, kiwango cha mgao kinapaswa kuandikwa kabla ya mavuno, na kihesabiwe na wote wanaohusika. Senti 35 zilikataliwa kwa sababu hesabu ilikuwa ya mtu mmoja. La tatu, ajira, fidia na msaada ni mambo mema, lakini hayapaswi kuitwa mgao.

Inaweza kuulizwa kama kutambua haki za wenyeji hakutalidhoofisha taifa. Historia ya bonde hili inaonyesha kinyume chake. Pale Ngarambe, mahali ambapo watu wa makabila mengi walikusanyika kudai kutendewa kama watu, ndipo ulipoanza mmoja wa mikondo iliyojenga taifa hili. Taifa halikudhoofika kwa sababu watu wa bonde walidai fungu lao. Lilizaliwa, kwa sehemu, kutokana na dai hilo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa Rufiji wamekwisha kuja, na wataendelea kuja, kwa kuwa mto, msitu na gesi bado vipo. Nusu ya kwanza ya methali imetimizwa kwa zaidi ya miaka 120. Nusu ya pili ndiyo iliyobaki.